Bibi Titi Mohamed, kiongozi aliyekuwa na nyumba za kupangisha

Mfanyabiashara wa Morogoro anayekwenda Kariakoo kufunga mzigo hupita karibu na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, pale Mnazi Mmoja. Wengi tunalijua jina hilo kwa sababu ya harakati za uhuru, na kweli ndiko lilikotokea. Lakini mama huyu alikuwa pia mwenye nyumba, na nyumba zake za kupangisha ziliingia katika historia yake ya siasa kuliko watu wanavyokumbuka. Kwa msomaji wetu aliyeuza vitunguu vya Mgeta au ndizi za Matombo, na sasa anawaza kununua nyumba yake ya kwanza ya vyumba pale Mji Mpya au Kihonda, maisha hayo yana jambo la kutazama.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mama yake mkulima. Baba hakutaka binti asome shule ya serikali. Alipofariki, mama ndiye aliyempeleka, naye akafika darasa la nne. Aliozwa akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Jina lake mjini lilitokana kwanza na sauti, kwani alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba.

TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, mumewe, Boi Selemani, aliyekuwa dereva wa teksi, alichukua kadi namba 15 na yeye akachukua namba 16. Mwaka uliofuata akakabidhiwa kuongoza akina mama wa chama. Hakuanza na wasomi, maana walikuwa wachache. Alikwenda kwa wanawake wa ngoma, wauza maandazi, wapika pombe na akina mama wenye nyumba, watu waliokuwa na senti zao wenyewe bila kuomba ruhusa. Chama kikapata wanachama kwa maelfu.

Mwaka huohuo wa 1955 huku kwetu Waluguru waligoma kulima matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni milimani, na damu ilimwagika. TANU ikapata wafuasi Uluguru kwa sababu ya jembe, na Dar es Salaam kwa sababu ya mitaa.

Kuhusu mitaa hiyo inafaa tukae kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Temeke ni ileile tunayoiona Mwembesongo: mlango mmoja mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangishwa, kila chumba familia yake. Wakati wa ukoloni zilijengwa kwa fito na udongo, na Mwafrika hakupewa hati ya muda mrefu ambayo benki ingeikubali. Kwa hiyo watu walijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, kwa fedha ya biashara ndogo. Wanawake wengi walimiliki nyumba za namna hiyo. Mwanamke aliyeachika au kufiwa, asiye na pensheni, chumba cha kupangisha ndicho kilichomlisha.

Ubora wa nyumba hiyo ni kwamba mpangaji mmoja akihama, wengine bado wapo. Ni kama shamba lenye mahindi, kunde na mihogo. Zao moja likiharibika hulali njaa.

Uhuru ulipokuja, Bibi Titi aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioundwa mwaka 1962, akawa mbunge na waziri mdogo. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi huko Rufiji. Hapo ndipo mtu mwenye elimu ya darasa la nne huona faida ya kuwa na kipato kisichotegemea kura.

Kisha likaja Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967. Miiko yake ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na mishahara miwili, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Katazo hilo lilimhusu pia mume au mke wa kiongozi. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na mwiko huo, akaachia uongozi.

Wapo waliomlaumu kwamba aliweka kodi ya pango mbele ya nchi. Mwandishi wa makala hii haoni hivyo. Mwiko ulilenga kuzuia viongozi kugeuka mabwanyenye, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini ulimweka katika kapu moja mwenye ghorofa za mjini na mama aliyejenga vyumba kwa jasho, aliyeingia siasani akiwa navyo kama kinga ya uzee wake. Kumwambia mtu wa namna hiyo achague si jambo dogo.

Mambo yakazidi kuwa magumu. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na waziri wa zamani Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, wakashtakiwa kwa uhaini. Kesi ilichukua siku 127. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Aprili mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majengo. Jengo lililopangishwa lenye thamani ya kuanzia Sh 100,000 lilichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na lililozidi miaka 10 halikulipiwa fidia. Walioumia zaidi ni wafanyabiashara wa Kiasia. Nyumba ndogo za vyumba chini ya thamani hiyo hazikuguswa. Shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Leo sheria hiyo si tishio kwa mnunuzi wa Morogoro. Hatari yake ni nyingine, nayo ni karatasi. Kabla ya kumpa dalali hata senti, nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe jina lililo kwenye hati au ofa ni la anayeuza. Kama kiwanja hakijapimwa, ongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wa pande zote. Muuzaji akiwa na mke au mume, hakikisha mwenzake ameridhia kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai hivyo kwa nyumba ya ndoa.

Mwenye shamba la ukoo Uluguru ajue pia tofauti. Ardhi ile hupita upande wa mama, na huwezi kuiuza kama yako peke yako. Nyumba ya mjini uliyoinunua mwenyewe unaweza kuwaandikia watoto wako.

Halafu piga hesabu. Tuseme nyumba inauzwa Sh 27,000,000, nawe utapangisha vyumba vitano kwa Sh 30,000 kila kimoja kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh 1,800,000. Toa Sh 90,000 za chumba kimoja kukaa kitupu miezi mitatu, toa Sh 210,000 za bati na choo. Inabaki Sh 1,500,000 kabla ya kodi za serikali. Fedha yako itarudi baada ya miaka 18. Kama umeuza shamba linalokulisha ili ununue nyumba hiyo, fikiri tena.

Bibi Titi alisamehewa na Rais mwaka 1972. Alitoka gerezani akaishi kimya, ndoa imevunjika, marafiki wengi wamemkimbia. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa tena kupangisha nyumba. Ni mwaka huohuo, nchi ikiadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilipomtaja kuwa shujaa wa uhuru. Alifariki Johannesburg, Afrika Kusini, Novemba 5, 2000, akiwa na umri wa miaka 74.