Jimi Hendrix: Kandarasi ya dola moja iliyozaa albamu moto

Kama wewe ni msanii chipukizi na kuna mtu amekuwekea karatasi mezani, anakuharakisha utie sahihi, mwambie angoje dakika tano umalize kusoma hii kwanza.

Oktoba 1965, jijini New York, kijana wa miaka 22 alitia sahihi kandarasi ya miaka mitatu na prodyuza aitwaye Ed Chalpin. Malipo ya mkononi yalikuwa dola moja. Naam, moja. Juu yake aliahidiwa asilimia moja ya mauzo. Wakati huo alikuwa mpiga gitaa wa bendi ndogo ya Curtis Knight, hana jina, na mara nyingi hana hata nauli. Jina lake ni Jimi Hendrix, yule unayemwona kwenye fulana za watu ambao pengine hawajawahi kusikia ngoma yake hata moja.

Jimi alizaliwa Seattle, Marekani, Novemba 27, 1942. Maisha ya nyumbani yalikuwa magumu. Wazazi waliachana, na mama yake, Lucille, akafariki 1958 Jimi akiwa na miaka 15. Kabla ya kupata gitaa alikuwa akikamata ufagio na kujifanya anapiga nyuzi. Gitaa lake la kwanza lilinunuliwa kwa dola tano. Na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, alizoea kuchukua magitaa ya watu wa mkono wa kulia na kuyageuza juu chini.

Mwaka wa 1961 alinaswa na polisi ndani ya magari ya wizi, akaambiwa achague jela au jeshi. Akaenda jeshi. Huko Fort Campbell, Kentucky, alikutana na mwanajeshi mwenzake mpiga besi, Billy Cox. Liweke hilo jina akilini, tutarudi kwake.

Baada ya jeshi alizunguka Marekani akipiga gitaa nyuma ya wakubwa kama Little Richard na Isley Brothers. Kisha 1966 Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya Animals, akamwona New York na kumpeleka London. Chandler alijaribu kununua kandarasi zote za zamani za Jimi ili aanze upya. Ile ya dola moja haikutajwa. Kumbe bado ilikuwa hai.

Pale London iliundwa bendi ya The Jimi Hendrix Experience, Jimi na Waingereza wawili, Noel Redding na Mitch Mitchell. Juni 1967 wakapanda jukwaani Monterey, California, na Jimi akachoma gitaa lake mbele ya umati. Jina likavuma. Mkwanja ulipoanza kuonekana, Chalpin naye akaibuka na karatasi yake, akaenda kortini.

Sasa sikiza kituko. Katikati ya mzozo huo, mwaka huohuo wa 1967, Jimi alirudi studio kwa Chalpin na kurekodi tena na Curtis Knight! Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jimi hakushtuka, bana. Alikuwa mtu wa kupenda kupiga muziki na watu, na mambo ya mawakili aliyaona kama kelele za jirani.

Mwaka wa 1968 yakafikiwa maelewano: Jimi atoe albamu moja nzima, mpya, iende kwa kampuni ya Capitol iliyokuwa ikifanya kazi na Chalpin. Deni la dola moja sasa lilidai albamu.

Kufikia katikati ya 1969 bendi ya Experience ilikuwa imevunjika. Jimi akamwita rafiki yake wa jeshini, Billy Cox, ashike besi. Kwenye ngoma akamchukua Buddy Miles, aliyetoka bendi ya Electric Flag na aliyekuwa na sauti nzito ya soul. Wakajiita Band of Gypsys. Hapo kulikuwa na jambo kubwa: wanaume watatu weusi jukwaani wakipiga roki, wakati ambapo mashabiki wengi wa Jimi walikuwa Wazungu.

Walifanya mazoezi miezi michache tu. Kisha Desemba 31, 1969 na Januari 1, 1970 wakapiga shoo nne katika ukumbi wa Fillmore East, New York, vinasa sauti vikiwaka. Mwenye ukumbi, Bill Graham, alisimulia baadaye kwamba baada ya shoo moja alimwambia Jimi wazi kuwa amefanya sarakasi zote lakini hajapiga gitaa. Jimi alikasirika. Aliporudi jukwaani akasimama tuli, akapiga tu.

Ukitaka kujua alipiga nini, vaa hedifoni utafute Machine Gun kutoka albamu hiyo. Ni zaidi ya dakika 12. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na Jimi aliuelekeza wimbo kwa askari wa huko na pia kwa wanaopigana katika mitaa ya miji ya Marekani. Ngoma za Buddy zinalia kama risasi, halafu gitaa linaingia na noti moja ndefu inayolia kama king'ora, kama mama aliyepokea habari mbaya. Mimi binafsi sijasikia gitaa likifanya hivyo kwingine. Na hii ndiyo kazi iliyotolewa kulipa deni!

Bendi haikudumu. Januari 28, 1970, ukumbini Madison Square Garden, Jimi alipiga nyimbo mbili tu akaondoka jukwaani. Meneja, Michael Jeffery, akamfuta kazi Buddy. Albamu ilipotoka Machi, ikiwa na nyimbo sita, wanamuziki walikuwa wameshatawanyika. Ilipanda hadi nambari tano Marekani. Jimi mwenyewe hakuiridhia. Alisema kwamba kama uamuzi ungekuwa wake, asingeitoa.

Agosti mwaka huo alifungua studio yake mwenyewe, Electric Lady, hapo New York, ambapo angerekodi bila kuhesabiwa saa na mtu. Wiki tatu baadaye, Septemba 18, akafariki London baada ya kumeza dawa nyingi za usingizi. Alikuwa na miaka 27.

Hakuacha wosia. Mali ikamwendea baba yake, Al, lakini nyimbo zikabaki mikononi mwa watu wengine. Mzee alikwenda kortini, na haki hizo zikarudi kwa familia mwaka wa 1995.