Jan Ingenhousz na Kazi ya Jani la Kijani

Miongoni mwa wataalamu waliotufungulia njia ya kuelewa jinsi mimea inavyojitengenezea chakula, Jan Ingenhousz anastahili kujulikana na kila mwalimu wa sayansi. Alizaliwa tarehe 8 Desemba, 1730, katika mji wa Breda, Uholanzi. Alisomea uganga mjini Louvain, na baadaye akahamia Uingereza.

Sifa yake ya kwanza haikutokana na mimea bali na ugonjwa wa ndui. Zama hizo chanjo ya Jenner ilikuwa haijapatikana. Madaktari waliwatia watu wenye afya usaha kidogo wa ndui yenyewe ili waugue kwa wepesi, kisha wapate kinga. Kazi hiyo ilikuwa na hatari kubwa. Mwaka 1768 aliitwa Vienna kuwakinga watoto wa Malkia Maria Theresa, ambaye jamaa zake kadhaa walikuwa wamekwisha kufa kwa ndui. Alifaulu, akafanywa tabibu wa jumba la kifalme. Angaliweza kustarehe, lakini aliitumia nafasi hiyo kufanya uchunguzi.

Mwaka 1771 Joseph Priestley, Mwingereza, alikuwa ameonyesha kwamba mnanaa waweza kuitengeneza upya hewa iliyoharibiwa na mshumaa uliowaka hadi kuzimika ndani ya chombo kilichofungwa. Hata hivyo, jaribio hilo liliporudiwa, mara lilifaulu, mara lilishindwa, wala sababu haikujulikana. Katika kiangazi cha 1779, Ingenhousz alipanga nyumba karibu na London, na kwa muda usiotimia miezi mitatu akafanya majaribio zaidi ya 500. Alizamisha majani katika maji ndani ya vyombo vya kioo, akatazama mapovu. Juani majani yalitoa hewa safi, yaani oksijeni, gizani hayakuitoa. Alichunguza kama sababu ni joto la jua au nuru yake, akaona kuwa ni nuru. Aligundua pia kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani tu, na kwamba usiku mmea huchafua hewa kidogo.

Likabaki swali: jani hutwaa nini kutoka hewani? Mwaka 1782 Jean Senebier wa Geneva alieleza kwamba majani hayatoi oksijeni yasipopata kabonidayoksaidi. Ingenhousz alibishana naye kwa miaka mingi. Lakini elimu ya kemia ilipoendelea, naye akazidi kupima, mwaka 1796 aliandika kwamba mimea hupata kaboni yake kutoka katika kabonidayoksaidi ya hewani. Alifariki Uingereza tarehe 7 Septemba, 1799.

Leo twajua zaidi. Katika kila sehemu 10,000 za hewa, kabonidayoksaidi ni kama sehemu 4 tu. Huingia katika jani kupitia matundu madogo yaitwayo stomata, hupita katika nafasi zilizo baina ya seli, huyeyuka katika unyevu wa kuta za seli, ndipo ifike kwenye kloroplasti ambamo chakula hutengenezwa. Kila hatua ya safari hiyo yaweza kuichelewesha. Wakati wa ukame mmea hufunga stomata ili usipoteze maji. Papo hapo kabonidayoksaidi hupungua ndani ya jani, na usanisinuru hufifia ijapokuwa jua ni kali.

Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifuata njia ya Ingenhousz na Senebier kwa chupa 3 zinazopitisha mwanga na mmea uotao majini. Chupa ya kwanza iwekwe juani, ya pili gizani. Ya tatu iwekwe juani, lakini maji yake yawe yamechemshwa ili hewa iliyomo itoke, kisha yakapoa kabisa bila kutikiswa. Vijiti vya mmea viwe sawa, na chupa ya pili na ya tatu kila moja itofautiane na ya kwanza kwa jambo moja tu. Kabla ya kutazama mapovu, wanafunzi wabashiri yatakayotokea na waandike sababu zao. Mwalimu asiharakishe kuandika jibu ubaoni. Iwapo matokeo yatakuwa kinyume cha walivyobashiri, awaongoze kurudia jaribio, kwa maana Ingenhousz mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, alihitaji miaka mingi kuikubali hoja ya Senebier.