Maisha ya John Chapman, Mpanda Mitofaa

Kila mwaka ifikapo miezi ya Septemba na Oktoba, watoto wengi wa shule huko Marekani hupakiwa katika mabasi wakapelekwa kutazama shamba la mitofaa. Mara nyingi shamba lenyewe ni mali ya jamaa mmoja, na huenda babu ndiye aliyelianza. Watoto huvutwa katika tela la trekta, kila mmoja huchuma mfuko wake, hutazama matofaa yakisagwa na kukamuliwa maji, kisha hurudi shuleni wameshiba. Na mwalimu akiwa njiani nao, mara nyingi huwasimulia habari za mtu aliyeitwa Johnny Appleseed, maana yake Johnny Mbegu ya Tofaa.

Nasema tofaa, lakini msomaji wa pwani asije akanielewa vingine. Pwani tofaa ni lile tunda la majimaji lenye kokwa moja kubwa ndani. Ninalolisema mimi ni lile la nchi za baridi, ambalo hapa kwetu hustawi milimani kama Lushoto na Njombe, na wauzaji wa mjini huliita epo.

Jina lake la kweli lilikuwa John Chapman. Alizaliwa tarehe 26 Septemba 1774 katika mji wa Leominster, jimbo la Massachusetts. Hakujaliwa kumjua mama yake. Mwaka 1776, John hajatimiza miaka miwili, mama alifariki kwa kifua kikuu, na kitoto kichanga alichokuwa amekizaa kikamfuata. Wakati huo baba yuko vitani, katika jeshi lililopigana na Waingereza. Baadaye baba alioa mke mwingine, akapata naye watoto 10. Nyumba ikajaa, na ardhi ya kurithi ikawa haitoshi wote.

Basi yapata mwaka 1797 John alikwenda zake magharibi, kwanza Pennsylvania, kisha Ohio. Nchi ile ilikuwa msitu mtupu kwa macho ya wahamiaji, ingawa wenyeji wa asili, kama Wadelaware, walikuwa na vijiji vyao humo. Kampuni moja iliyogawa ardhi huko Ohio iliweka sharti: atakaye kupewa shamba bure sharti apande mitofaa 50 na mipichi 20 katika muda wa miaka mitatu, ili ionekane kwamba amekuja kukaa kweli. Sasa mtu aliyetoka safari ya majuma mengi na mke na watoto atapata wapi miche 50?

Hapo ndipo akili ya yule bwana ilipofanya kazi. Alikwenda kwenye mashine za kukamulia matofaa, akaokota mbegu katika makapi yaliyotupwa, akaziosha, akazikausha, akazitia mifukoni. Hazikumgharimu kitu. Akazichukua kwa mtumbwi na kwa miguu mpaka mbele kabisa, mahali ambapo wahamiaji walikuwa hawajafika. Akichagua mahali pazuri kando ya mto, alifyeka, akapanda, akazungushia ua ili wanyama wasile miche, kisha akaenda zake kuanza kitalu kingine. Wahamiaji walipowasili, walikuta miche imekwisha kupata miaka miwili mitatu. Aliiuza kwa senti sita hivi kila mmoja. Asiye na fedha alilipa kwa nguo kuukuu au kwa ahadi tu.

Vitabu vya watoto humchora akitembea huku akitupa mbegu njiani kama mtu alishaye kuku. Hivyo sivyo. Alikuwa na vitalu, na alikuwa mfanya biashara. Mimi naona jambo hili halimpunguzii sifa hata kidogo.

Lakini matofaa yake yalikuwa machungu! Mbegu ya tofaa haitoi tunda kama la mama yake. Atakaye tunda tamu hana budi kubebesha, yaani kukata kikonyo cha mti mzuri na kukiunga juu ya mche mwingine. Kazi hiyo Chapman aliikataa. Aliamini kwamba kukata mti namna ile ni kuuumiza na ni dhambi. Kwa hiyo matofaa yake mengi yalifaa kwa pombe na siki kuliko kwa kuliwa, na wahamiaji hawakulalamika.

Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Emanuel Swedenborg wa Sweden. Husemwa kwamba vitabu vyake vya dini alivipasua vipande, akaacha kipande katika nyumba hii na kipande katika ile, akirudi abadilishe. (Sisi tunaosoma watu wanne kwa kitabu kimoja tungemshukuru.) Alitembea bila viatu, hakuoa, na farasi wazee waliotupwa na wenyewe aliwatafutia malisho. Wakati wa vita iliyoanza mwaka 1812, baada ya mtu kuuawa huko Mansfield, inasimuliwa kwamba alisafiri usiku maili zaidi ya 20 mpaka Mount Vernon kutafuta msaada, akigonga milango njiani. Wenyeji wa asili nao walimheshimu, lakini heshima hiyo haikuwasaidia wao. Mwaka huo wa 1812 Wadelaware wa kijiji cha Greentown waliondolewa kwa nguvu, na kijiji chao kikachomwa moto. Miche ya Chapman ilikuwa ikiwangojea wale waliokuja kukaa mahali pao. Jambo hili silioni katika vitabu vya watoto.

Alifariki mwezi wa Machi 1845 karibu na Fort Wayne, jimbo la Indiana. Watu waliomdhani maskini walistaajabu kusikia kwamba alikuwa na ardhi ipatayo ekari 1,200. Hakuacha mke wala mtoto, na kodi na kesi zikala sehemu kubwa ya mali ile. Liko jiwe la ukumbusho katika bustani yenye jina lake huko Fort Wayne, ila mahali hasa alipolazwa watu wanabishana hata leo.