Thomas Odhiambo

Thomas Risley Odhiambo (Mombasa, 4 Februari 1931 – 26 Mei 2003) alikuwa mwanasayansi wa wadudu kutoka nchini Kenya. Anajulikana hasa kama mwanzilishi na mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu (kifupi: ICIPE) jijini Nairobi, na rais wa kwanza wa Akademia ya Sayansi ya Afrika.

Maisha ya awali na elimu

Odhiambo alisoma katika shule ya Maseno, magharibi mwa Kenya, kisha katika Chuo cha Makerere, Uganda. Baadaye aliajiriwa na wizara ya kilimo ya Uganda, ambako alichunguza wadudu wanaofyonza mimea. Mwaka 1959 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1965. Msimamizi wake alikuwa Vincent Wigglesworth, mmoja wa waasisi wa elimu ya homoni za wadudu.

Utafiti juu ya nzige

Utafiti wake wa Cambridge ulihusu nzige wa jangwani (*Schistocerca gregaria*), mdudu ambaye makundi yake yamekula mazao ya Afrika Mashariki mara nyingi. Odhiambo alitaka kujua jinsi nzige dume anavyopevuka.

Katika ubongo wa nzige kuna seli za neva zinazotoa homoni. Nyuma ya ubongo kuna jozi ya tezi ndogo sana, ziitwazo *corpora allata*, zinazotengeneza homoni ya ujana. Licha ya jina hilo, katika mdudu mzima homoni hiyo husimamia uzazi. Odhiambo aliondoa tezi hizo katika madume na kuwalinganisha na wenzao. Madume wasio na tezi hawakupata rangi ya njano ya upevu, tezi zao za uzazi hazikukua vizuri, mafuta yalilundikana mwilini mwao na mwendo wao ulipungua. Matokeo hayo aliyachapisha katika mfululizo wa makala mwaka 1966.

Umuhimu wa homoni hiyo ulionekana zaidi baadaye. Nzige hutambua harufu kwa vipapasio vyake, na neva hupeleka habari hiyo kwenye sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Mwaka 1994 watafiti wa ICIPE walieleza feromoni inayotolewa na madume wapevu na kuwavuta nzige wazima pamoja. Sehemu yake kuu ni kemikali iitwayo fenilasetonitrili. Miaka michache baadaye watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba homoni ya ujana inapoongezeka, seli za neva za ubongo huitikia harufu ya kundi kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo homoni ambayo Odhiambo aliichunguza katika uzazi huathiri pia jinsi nzige anavyoitikia harufu.

Kuanzishwa kwa ICIPE

Mwaka 1965 Odhiambo alirudi Kenya kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi. Wakati huo watafiti Waafrika katika Afrika Mashariki walikuwa wachache mno, na aliyetaka kufanya sayansi ya kiwango cha juu alilazimika kuhamia Ulaya au Marekani. Katika makala iliyotolewa na jarida la *Science* mwaka 1967 alieleza hali ya sayansi katika Afrika Mashariki na nafasi yake katika maendeleo.

ICIPE ilianzishwa mwaka 1970. Mwanakemia Carl Djerassi alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuiunda. Wanasayansi mashuhuri wa nchi za nje walikubali kuongoza idara za utafiti wakija Nairobi kwa vipindi, huku vijana wakifanya kazi ya kila siku katika maabara za hapo. Hivyo kijana Mwafrika aliweza kujifunza kutoka kwa mabingwa bila kuhama bara lake. Mwaka 1983 kituo kilianza mpango wa kufundisha wanafunzi wa uzamivu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Afrika.

Odhiambo alisisitiza kwamba utafiti umfikie mkulima na mfugaji mdogo. Katika miaka ya 1980, huko Nguruman kusini mwa Kenya, watafiti wa ICIPE walitengeneza mtego wa kitambaa wa kunasa mbung'o, ambao huvutwa kwa harufu ya mkojo wa ng'ombe na asetoni. Wafugaji Wamasai waliweza kushona na kutunza mitego hiyo wenyewe.

Aliongoza kituo hicho hadi mwaka 1994.

Heshima na urithi

Odhiambo alikuwa kati ya waanzilishi wa Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu mwaka 1983. Akademia ya Sayansi ya Afrika ilipoanzishwa mwaka 1985 alikuwa rais wake, akadumu hadi 1999. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi wa Kukomesha Njaa pamoja na Abdou Diouf, rais wa Senegal. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuipokea.

Kituo cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kimepewa jina lake. Hapo ndipo ilipoendelezwa mbinu ya kilimo ya Vuta-Sukuma: *Desmodium*, iliyopandwa kati ya mistari ya mahindi, hutoa harufu inayofukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mashina, na matete yaliyopandwa pembezoni mwa shamba huwavuta nondo hao. Mizizi ya *Desmodium* huzuia pia gugu la kiduha. Mbinu hiyo hutumiwa na wakulima wadogo wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine.