Vittorio Sella na theluji ya Ruwenzori

Mwaka jana, katika kazi ya vitendo ya leksikolojia, tulitakiwa kukusanya maneno ya Kinande yanayohusu mlima. Mwalimu alitupatia picha moja pana ya Ruwenzori, iliyopigwa mwaka 1906, ili wazee tuliowahoji hapa Bunia waitazame na kukumbuka. Nilimwonyesha mama mmoja mzaliwa wa upande wa Mutwanga. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani waliombebea mpiga picha vyombo vyake. Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma maisha ya Vittorio Sella.

Sella alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 huko Biella, mji wa viwanda vya sufu chini ya milima ya Alpi, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Giuseppe Venanzio, aliandika mwaka 1856 kitabu cha kufundisha upigaji picha, kimojawapo cha kwanza kwa Kiitaliano. Baba yake mdogo, Quintino, alianzisha chama cha wapanda milima cha Italia mwaka 1863. Kijana alirithi yote mawili, picha na mlima.

Mwaka 1879 alipanda Monte Mars akapiga picha ya mandhari nzima. Siku hizo ilibidi kioo kipakwe dawa palepale, kipigwe picha kikiwa bado kibichi, na kisafishwe mara moja ndani ya hema lenye giza. Dawa ikikauka, kazi imeharibika. Ili kupata picha pana, alisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akaisawazisha, akapiga kioo kimoja, akaigeuza kidogo, akapiga kingine, kila kimoja kikirudia ukingo wa kilichotangulia. Baadaye picha hizo ziliunganishwa ubavu kwa ubavu. Simu zetu hufanya hivyo kwa sekunde chache, lakini kanuni ni ileile.

Baadaye vikaja vioo vikavu, na Sella akachagua vikubwa, sentimeta 30 kwa 40, kwa sababu vilishika hata mpasuko mdogo wa mwamba. Vilikuwa vizito na vya kuvunjika, hivyo alibuni mwenyewe mifuko na matandiko ya wanyama ya kuvibebea. Tena alijua kusubiri mwanga. Saa sita mchana mlima huonekana bapa. Jua likiwa chini, kivuli huchora kila bonde. Alifanya kazi hiyo Kaukazi mara tatu, Alaska mwaka 1897, na kuzunguka Kangchenjunga mwaka 1899.

Mwaka 1906 alifika kwetu na msafara wa mwanamfalme Luigi Amedeo wa Savoia. Walipitia Entebbe na Fort Portal, wakaweka kambi chini ya mwamba wa Bujongolo. Mwanga wa Ruwenzori si wa kuomba: mawingu hufunika vilele siku nyingi, na Stanley mwenyewe aliwahi kukaa karibu na mlima huu kabla ya kuuona mwaka 1888. Sella alilazimika kungoja mawingu yapasuke, vioo vikiwa tayari, katika unyevu na matope.

Wapagazi wa Baganda walirudishwa kutoka maeneo ya juu kwa sababu ya baridi. Bakonzo, ndugu wa Banande, ndio waliobaki mlimani. Hilo ndilo jibu nililompelekea yule mama, ingawa ni nusu tu. Vilele vilipewa majina ya Margherita, Alexandra, na kimoja jina la Sella mwenyewe. Waliobeba vioo wamebaki na jina moja la pamoja: wapagazi.

Mwaka 1909 Sella alipiga K2. Akiwa na miaka 76 alijaribu tena kupanda Matterhorn, akarudi kwa sababu ya ajali iliyomjeruhi kiongozi wake. Alifariki Biella tarehe 12 Agosti 1943, na hazina ya picha zake imehifadhiwa hukohuko.

Leo wataalamu wa barafu huzilinganisha picha zake na za sasa. Barafu ya Ruwenzori aliyoiona imeyeyuka kwa sehemu kubwa sana, na tunaweza kupima hasara hiyo kwa sababu yeye hakukubali picha ya haraka haraka. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini picha haikutunza jinsi watu wa mlima walivyoiita kila sehemu yake. Bakonzo huiita theluji nzururu, na jina la Rwenzururu limetoka humo. Theluji ikiisha, neno litabaki na wazee, kisha nalo litaondoka.

Kazi ya leksikolojia ilipewa alama na kufungwa. Mimi bado ninaenda kwa yule mama na picha ileile, na daftari. Hadi sasa tumefika kwenye bonde la tatu.