Talbot na Picha Zilizofifia

Ukutani kwetu nyumbani kuna picha ya arusi ya babu na nyanya. Zamani ilikuwa nyeusi na nyeupe. Sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Taabu hiyo ilimsumbua hata mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, Mwingereza William Henry Fox Talbot.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1800. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga bado, akaacha madeni, lakini kijana akasoma hadi Cambridge. Makao yake yakawa Lacock Abbey, jumba kuukuu la watawa. Oktoba 1833 alikuwa kando ya ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari. Michoro yake ilikuwa ovyo kabisa! Basi akajiuliza, je, mwanga wenyewe hauwezi kuchora?

Mwaka 1834 akaanza majaribio. Alichovya karatasi katika maji ya chumvi, ile ile ya mezani, halafu akaipaka nitrati ya fedha. Penye mwanga pakawa peusi. Mwaka 1835 akapiga dirisha la nyumba yake, kapicha kadogo kama stempu. Kisha akashughulikia mambo mengine. Kumbe Januari 1839 habari zikatoka Paris kwamba Daguerre amefaulu! Talbot akakimbilia London na karatasi zake.

Tuseme kweli, za Daguerre zilikuwa safi zaidi. Yeye alitumia bamba la shaba lenye ngozi ya fedha, na ungeweza kuona kila unywele. Za Talbot zilikuwa na ukungu kwa sababu ya nyuzi za karatasi. Lakini bamba lilitoa picha moja tu, basi. Negativu ya Talbot ilitoa nakala nyingi, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipomshinda Mfaransa.

Kati ya 1844 na 1846 alitoa kitabu, The Pencil of Nature, picha zikibandikwa kwa mkono. Zilichapwa mjini Reading na Nicolaas Henneman, aliyekuwa mtumishi wake. Mwaka 1846 jarida moja la sanaa likataka picha ya kutia katika kila nakala, karibu 7,000 kwa jumla. Lo! Kazi ilifanywa mbiombio, na picha hazikuoshwa vya kutosha. Dawa ya kuzuia picha isiendelee kuwa nyeusi ilibaki ndani ya karatasi, na salfa yake ikaila fedha polepole. Picha zikageuka manjano na kufifia mikononi mwa wasomaji. Fikiria aibu yake.

Mwaka 1855 wapiga picha wa London waliunda kamati ya kuchunguza kwa nini picha zinafifia. Talbot alikuwa ameshaanza kuikimbia fedha. Katika hataza zake za 1852 na 1858, picha ilichongwa juu ya bamba la chuma, ikachapwa kwa wino wa kawaida. Weusi wa wino huo ni kaboni, kama masizi ya sufuria, na nani amewahi kuona masizi yakififia? Hazikuwa laini kama za fedha, zilikuwa na chengachenga, lakini zilidumu.

Alifariki Lacock tarehe 17 Septemba 1877, akiwa bado anaandika juu ya picha hizo za wino.