IMAM KHALIL BIN AHMAD NA HESABU YA KILA LINALOWEZEKANA

Mwezi huu wa Ramadhan, ukifungua msahafu hapa Kisumu au kule Homa Bay, zile fat-ha, kasra na dhumma zinazokuongoza ni kazi ya Imam Khalil bin Ahmad Al-Farahidi.

Alizaliwa yapata mwaka 718, asili yake Oman, kabila la Azd. Aliishi na kusomesha Basra, Iraq. Ndiye mwalimu wa Sibawayh, bingwa wa nahau, na ndiye aliyeasisi elimu ya arudhi, neno ambalo washairi wetu wa Kiswahili wanalo mpaka leo.

Imam alitaka kukusanya maneno yote ya Kiarabu. Sasa, utajuaje kwamba hukusahau hata moja? Yeye hakungoja kuyasikia. Alianza kwa kupanga yote yanayowezekana. Chukua k, t, b, herufi zilizotupa neno kitabu. Zipange: ktb, kbt, tkb, tbk, bkt, btk. Ni sita, hakuna ya saba. Herufi nne tofauti hutoa 24, tano hutoa 120. Kisha ndipo akaangalia ipi inatumika na ipi imeachwa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana Kitabul-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Yasemekana mwanafunzi wake Al-Layth ndiye aliyeikamilisha.

Nyinyi wa sekondari, si ndiyo hesabu ya uwezekano hiyo? Kwanza andika matokeo yote. Rusha shilingi mara mbili, P iwe picha na N iwe ngao: PP, PN, NP, NN. Ni manne. Wengi huandika matatu manake wanaona PN na NP ni kitu kimoja, na hapo jibu lishaharibika.

Pamoja na elimu hiyo, Imam aliishi kwenye kibanda cha matete. Yasimuliwa kuwa liwali wa Ahwaz alimwita akamsomeshee mwanawe, naye akamwonyesha mjumbe mkate wake mkavu, kwamba huo wamtosha. Alifariki kati ya mwaka 786 na 791. Wapokezi wanasema alikuwa akiwaza hesabu nyepesi, ili hata kijakazi akienda dukani asipunjwe. Akaingia msikitini amezama katika fikra, akagonga nguzo, na hiyo ikawa sababu ya mauti yake.

Ndugu zangu, leo anayepunjwa ni kijana mwenye simu anayebeti mechi. Kamari ni haramu, na hilo latosha. Lakini hebu chukua karatasi. Mechi tatu, kila moja kushinda, sare au kushindwa: andika mistari yote, itafika 27. Si yote yenye uzito sawa, lakini unaokulipa ni mmoja tu. Mwenye kampuni keshaiandika orodha hiyo; wewe je?

Allah amrehemu Imam Khalil, na atujaalie elimu yenye manufaa. Aamin.